Wanaomtafuta aliyekuuzia nyumba: deni ni lake, lakini hati ina jina la nani?

Swali la msomaji, mwalimu wa hapa Dodoma:

"Mimi na mume wangu tulinunua nyumba Nkuhungu mwishoni mwa mwaka 2023. Tulilipa fedha zote, tukasaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, tukakabidhiwa hati na kuhamia. Tangu Januari vijana wawili wa pikipiki wamekuja mara nne kumuulizia aliyetuuzia. Wanasema anadaiwa, na kwamba hatuwezi kukaa kwenye nyumba yake halafu tuseme hatujui alipo. Mara ya mwisho mume wangu alikuwa kazini Mpwapwa. Waliniambia watarudi kubeba vyombo, na asubuhi tulikuta ukuta wa nje umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII INADAIWA. Nina pia bahasha tatu zenye jina lake ambazo sijazifungua. Hati bado haijabadilishwa jina, tulikuwa tunasubiri fedha za uhamisho. Je, wanaweza kuchukua nyumba yetu au vitu vyetu? Na wakija tena niwaambie nini?"

Jibu:

Mwalimu, pole sana kwa hofu mnayoishi nayo, hasa wewe unayebaki na watoto mume akiwa kazini. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishtua zaidi si yale maandishi mekundu ukutani bali sentensi uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba ni jambo dogo: hati bado haijabadilishwa jina. Wale vijana wa pikipiki wanatisha, lakini uwezo wao kisheria ni mdogo mno. Jina la muuzaji kubaki kwenye daftari la Msajili wa Hati ndilo jambo linaloweza kuwagharimu nyumba, na ndilo nitakalolisemea kwa urefu. Kwanza nianze na vyombo, kwa kuwa najua ndivyo vinavyokunyima usingizi.

Deni linalotokana na mkataba wa mkopo ni la mtu aliyesaini mkataba huo, pamoja na aliyemdhamini kama yupo. Wewe hukusaini, hukudhamini na hukupokea hata shilingi moja ya mkopo huo, kwa hiyo kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huna deni. Kuishi katika nyumba aliyowahi kuishi mdaiwa hakukufanyi uwe mdaiwa. Kitanda chako, friji yako na runinga yako ni mali yako, na mtu akivibeba kwa sababu ya deni la mwingine anachukua mali isiyo yake wala ya mdaiwa wake. Tafuta risiti za vitu vikubwa, na kama risiti hazipo, piga picha za vitu hivyo vikiwa ndani ya nyumba yako, kisha uzihifadhi mahali pengine nje ya simu yako.

Hata mdaiwa mwenyewe angekuwa bado anaishi hapo, mkopeshaji hapaswi kuamka asubuhi na kuingia ndani kubeba vitu kwa nguvu. Mtu anayekamata mali kwa amri ya mahakama ni dalali wa mahakama, na anakuja na hati ya kukamata mali yenye namba ya shauri, majina ya wadaawa (mdai na mdaiwa), saini na muhuri wa mahakama. Ombeni kuiona hati hiyo, isomeni, ipigeni picha, na kama kuna shaka nendeni kwenye mahakama iliyotajwa mkaulize masijala kama shauri hilo lipo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, imeweka mipaka ambayo watu wengi hawaijui: anayetekeleza amri ya kukamata mali zinazohamishika haruhusiwi kuingia katika nyumba ya kuishi baada ya jua kuzama na kabla ya jua kuchomoza, na haruhusiwi kuvunja mlango wa nje isipokuwa nyumba hiyo inakaliwa na mdaiwa mwenyewe na mdaiwa huyo amekataa kufungua. Nyumba yako haikaliwi na mdaiwa. Mipaka hiyo imewekwa kwa dalali mwenye hati mkononi, na kijana wa pikipiki asiye na karatasi yoyote hana hata mamlaka ya kufikia mipaka hiyo.

Wakija tena, zungumzeni nje ya geti, geti likiwa limefungwa. Usiwakaribishe ndani hata kama wanaomba maji, kwa sababu ukishamkaribisha mtu sebuleni ni vigumu kuthibitisha baadaye kwamba aliingia bila ridhaa yako. Waulize majina yao, jina la taasisi iliyowatuma, na kitambulisho cha kazi. Waambie jambo moja, kwa utulivu na bila kuongeza: aliyekuwa mmiliki hakai hapa, nyumba ilinunuliwa, na mawasiliano yoyote yaletwe kwa maandishi. Mtu akiwa na hofu huwa anajieleza sana, na katika kujieleza ndipo anapotaja wakili aliyeandika mkataba, shule anayofundisha na siku ambazo mume hayupo. Hayo yote hayawahusu.

Kuna mambo matatu ambayo nakuomba usiyafanye hata wakikubembeleza. Usilipe chochote, hata elfu ishirini ya "mafuta ya pikipiki" ili waondoke, kwa sababu malipo hayo yataandikwa mahali fulani kama sehemu ya rejesho, na wiki ijayo watarudi kudai salio. Usisaini karatasi yoyote, hata wakikwambia ni ya kuthibitisha tu kwamba walifika. Kama ni lazima kuwe na ushahidi wa kufika, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuandika. Na usiwape nakala ya mkataba wa mauziano. Mkataba ule una picha ya muuzaji, namba yake ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, pengine na jina la mke wake na mashahidi, na kuzisambaza taarifa hizo kwa mtu usiyemjua kunaweza kukuingiza katika mgogoro mwingine wakati huu ambapo tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkataba huo utauonyesha mahakamani, polisi, ofisi ya ardhi na kwa wakili wako.

Wameniuliza watu wengi kama mnunuzi ana wajibu wa kusema muuzaji amehamia wapi. Kwa mkusanya madeni, hapana. Ukiulizwa na mahakama, au na polisi katika upelelezi, sema kweli yote unayoijua. Kama bado una namba yake inayopatikana, mpigie wewe mwenyewe na umweleze kinachotokea. Simhukumu huyo muuzaji bado. Mtu anaweza kuuza nyumba kwa nia njema ili alipe madeni yaliyomzidi, kisha fedha zikaishia kwenye ugonjwa au kwenye mikopo mingine ya kausha damu, na wadai wakaendelea kutumia anwani ya zamani kwa sababu ndiyo iliyo kwenye barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa aliyoipeleka siku ya kukopa.

Hapo ndipo utaona kwa nini nakushauri umwandikie mkopeshaji huyo barua. Afisa mikopo anayekuja kwako ana fomu yenye mtaa, jina la mwenyekiti na labda picha ya geti lako, na bosi wake ofisini anaamini kwamba mdaiwa bado anakaa humo. Maneno ya getini hayafiki kwa bosi. Barua iliyopokelewa kwa muhuri inafika. Andika fupi, kwa mfano huu:

"YAH: MAOFISA WENU KUFIKA KWENYE MAKAZI YANGU KUMTAFUTA (jina la muuzaji). Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki na mkazi wa nyumba iliyopo Mtaa wa (jina), Kata ya Nkuhungu, niliyoinunua kwa mkataba wa tarehe (tarehe). Mtu mnayemtafuta haishi hapa. Sina mkataba wowote na taasisi yenu na sikumdhamini mtu huyo. Ninaomba muondoe anwani hii katika kumbukumbu zenu za ufuatiliaji wa deni hilo na msitume tena watu kwenye makazi yangu. Kama mnadai kuwa na haki yoyote juu ya nyumba hii, ninaomba mniletee nakala ya nyaraka husika kwa maandishi ndani ya siku 14."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kama wana rehani ya kweli, watajibu haraka na utajua ukubwa wa tatizo mapema. Kama hawana, ukimya wao utakuwa ushahidi wako. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, nyingine mpe mwenyekiti wa mtaa.

Na hao waliowatuma ni nani? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana wanapaswa kuwa na leseni ya daraja la pili inayosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu za simu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, kwa hiyo kuuliza leseni si utovu wa adabu. Mkopeshaji mwenye leseni ana cha kupoteza akilalamikiwa. Anza kwa barua kwake, na asipobadilika peleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina ofisi hapa hapa Dodoma, Barabara ya Jakaya Kikwete.

Zile bahasha tatu usizifungue, kwa kuwa si zako. Ziandike juu "Mwenye jina hili haishi hapa" pamoja na tarehe, upige picha, na uzirudishe kwa aliyezileta au posta. Lakini kuna karatasi ya aina nyingine ambayo hupaswi kuipuuza kabisa. Mahakama ikishindwa kumpata mdaiwa, inaweza kuamuru hati ya wito ibandikwe kwenye makazi yake ya mwisho yanayojulikana. Ukikuta karatasi yenye muhuri wa mahakama imebandikwa getini, usiichane kwa hasira. Ipige picha, soma namba ya shauri, na uende kwenye mahakama hiyo siku hiyo hiyo au kesho yake ukamweleze karani kwamba mtajwa hakai hapo, ukiwa na barua ya mwenyekiti. Usipofanya hivyo, shauri litasikilizwa upande mmoja, hukumu itatoka, na mdai akianza kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, atatafuta mali zenye jina la mdaiwa.

Mali zenye jina la mdaiwa, Mwalimu. Sasa turudi kwenye ile sentensi yako.

Ninyi mnaona nyumba ni yenu kwa sababu mlilipa, mna funguo, mna mkataba, na hati iko kabatini. Daftari la Msajili wa Hati halijui lolote kati ya hayo. Kwa mujibu wa daftari, kiwanja kile ni cha yule anayetafutwa. Mdai aliyeshinda kesi akifanya upekuzi, yaani kuomba kuangaliwa kumbukumbu za daftari hilo, na kukuta jina hilo, ataomba nyumba ikamatwe na kuuzwa, naye atakuwa anafuata kile kilichoandikwa. Hapo mtalazimika kupeleka maombi ya pingamizi mahakamani, mkieleza kwamba mlinunua kabla ya amri ya kukamata. Mkataba wa tarehe ya nyuma, ushahidi wa malipo ya benki na ukweli kwamba mnaishi humo vitawasaidia, na nimeona wanunuzi waliookolewa kwa njia hiyo. Lakini walitumia miezi, walilipa wakili, na walijibu swali gumu kwa nini hawakukamilisha uhamisho. Kiwanja chenye hati kinahama kwa kusajiliwa, na mkataba ambao haujafika kwa Msajili unabaki kuwa ahadi kati ya watu wawili. Mwenye jina lake kwenye daftari hatoi maelezo hayo yote. Anaonyesha daftari tu.

Nina kumbukumbu ya mzee mmoja aliyekuja ofisini kwangu na hati aliyoifunga kwenye nailoni mbili na kuiweka ndani ya bati la biskuti. Kwa miaka sita aliamini kuwa kuishika hati ndiko kuimiliki nyumba. Nilipomwonyesha jina lililoandikwa mle ndani, alilisoma taratibu kwa kidole, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo nimekuwa nikimtunzia?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Kwa bahati muuzaji wake alikuwa hai na mwaminifu, akaja kusaini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hata ya ile barua, ni upekuzi rasmi katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, kwa Msajili wa Hati. Utahitaji namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, na ada ndogo ya serikali. Majibu yataonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani kama ipo, na zuio kama mtu ameliweka. Hapa Dodoma ongezeni uangalifu mmoja. Viwanja vingi vilitolewa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuvunjwa Mei 2017, na hati zake zilikuwa za miaka 33 kabla ya serikali kuelekeza zitolewe za miaka 99. Tangu serikali ilipohamia hapa, nyumba moja imeweza kuuzwa mara mbili au tatu ndani ya miaka michache, huku kila mnunuzi akisubiri "fedha za uhamisho" kama ninyi. Angalieni kama hati mliyonayo ni ya zamani au mpya, na kama inalingana na kilichomo kwenye daftari.

Ikiwa daftari ni safi, wekeni zuio mara moja kwa kutumia mkataba wenu. Zuio haliwapi umiliki, ila linamzuia muuzaji kuiuza tena au kuiweka rehani kimyakimya, na yeyote atakayefanya upekuzi ataona kwamba kuna mnunuzi. Kisha kamilisheni uhamisho. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 zinahitaji saini ya muuzaji. Muulizeni wakili wenu kama alizisainisha siku ya mauziano, kwa kuwa mawakili wengi makini hufanya hivyo na kuzitunza kwenye jalada. Kuna taarifa ya mthamini, kuna ushuru wa stempu, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni mzigo wa muuzaji ingawa mara nyingi mnunuzi ndiye anayekwama kwa sababu yake. Najua ni fedha nyingi kwa mishahara yenu. Hata hivyo, kama kuna mkopo mmoja ambao ningemshauri mwalimu auchukue kwenye SACCOS yake mwaka huu, ni huo.

Kama fomu hazikusainiwa na muuzaji haonekani, njia ni kumshitaki ili itolewe amri ya kutekeleza mkataba. Kwa mgogoro wa ardhi mtaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, litatoa cheti na mtakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kusikiliza madai ya mali isiyohamishika yasiyozidi shilingi milioni 300. Kwa kuwa muuzaji ndiye anayetafutwa na kila mtu, msichelewe. Gharama za wakili zikiwashinda, ulizeni wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji itawaelekeza.

Ikiwa upekuzi utaonyesha rehani iliyosajiliwa kabla hamjanunua, hilo ni deni lililofungwa kwenye nyumba, nalo linaifuata nyumba hata ikibadilisha mikono. Sioni dalili hiyo kwenu, kwa kuwa benki inayochukua rehani hubaki na hati halisi, na ninyi mlikabidhiwa hati, mradi tu iwe ya kweli. Ikitokea hivyo bado hamtafukuzwa kesho. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mwenye rehani atoe notisi ya siku 60 kwa mkopaji aliyeshindwa kulipa, na Sheria ya Madalali inataka tangazo la hadharani lisilopungua siku 14 kabla ya mnada wa ardhi. Katika muda huo mnaenda kwa wakili kuzungumza na mkopeshaji, na kumfungulia muuzaji kesi ya madai, pengine na ya jinai ya kujipatia fedha kwa udanganyifu kama aliwaficha.

Yapo madeni mengine madogo yanayoifuata nyumba bila mtu kuja getini: pango la ardhi, bili ya maji ya DUWASA, na kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ombeni taarifa ya kila moja, mlipe yaliyopo na mtunze risiti za kumdai muuzaji.

Kuhusu ukuta, usiufute leo. Piga picha, mwite mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wako waone, kisha uende kituo cha polisi ukachukue RB (namba ya taarifa yako iliyoandikwa polisi) kwa vitisho vya kubeba vyombo na kwa kuharibiwa mali. Taja tarehe zote nne walizofika, maneno waliyosema, na namba ya pikipiki kama kuna jirani aliyeiona. Mwombe mwenyekiti akuandikie barua ya kuthibitisha kwamba muuzaji alihama na kwamba ninyi ndio mnaoishi hapo tangu 2023, kwa kuwa barua hiyo utaihitaji kwa mkopeshaji, mahakamani na kwa Msajili. Ukishapata RB na picha, nunua kopo la rangi na upake ukuta, watoto waache kuyasoma maandishi yale kila wanapotoka shule.